Mshauri wa Mishahara Miwili

Halmashauri ya wilaya, shirika la umma au chama cha ushirika hufika mahali pa kununua kitu ambacho viongozi wake hawakifahamu vizuri: mitambo ya kompyuta, mashine za kukamua alizeti, vifaa vya maabara, au bima ya mali zake. Hapo hutafutwa mtu anayekifahamu. Mtu huyo huitwa mshauri mwelekezi. Hukaa na viongozi, husikiliza mahitaji yao, huandika taarifa yenye majedwali mazuri, na mwisho husema: nunueni kwa fulani. Viongozi hununua. Baada ya muda muuzaji humpelekea mshauri asilimia tano, kumi au zaidi ya bei, kwa kuwa ndiye aliyemletea mteja. Malipo hayo huitwa kamisheni.

Ipo nadharia inayosema kwamba katika jambo hili hakuna kosa, ikiwa tu mshauri ametangaza kwamba analipwa. Nadharia hiyo inafundishwa vyuoni, inaandikwa katika mikataba, na viongozi wengi wameipokea bila kuihoji. Makala haya yana shabaha ya kuihakiki. Tutaonyesha kwamba kamisheni humbadilisha mshauri akawa mtumishi wa mtu mwingine, kwamba kuitangaza hakumrudishi kwa mteja wake, na kwamba sisi tulioko katika vyombo vya umma tuna sehemu yetu katika lawama.

Dalali na Mshauri

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Hatusemi kwamba kila anayelipwa kamisheni ni mwizi. Katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, dalali anayenadi samaki hulipwa kutokana na mauzo. Mnunuzi anajua hivyo tangu anapoingia mnadani. Anajua kwamba dalali anataka bei ipande, na kwa hiyo huwatazama samaki kwa macho yake, huwashika kwa mkono wake, ndipo hupandisha bei. Hakuna mtu anayekwenda kwa dalali kuomba aambiwe kama leo anunue samaki au anunue maharage.

Mshauri ni kitu kingine. Anaajiriwa kwa sababu mteja hana macho ya kumtosha katika jambo lile. Anachouza ni uamuzi wake, na uamuzi huo una thamani kwa mteja pale tu unapotolewa kwa ajili ya mteja. Mara muuzaji anapoanza kumlipa, anakuwa dalali aliyevaa joho la mshauri, na mteja ameachwa bila macho huku akidhani anayo. Dalali wa wazi ana madhara madogo kuliko huyu, kwa sababu mbele ya dalali kila mtu hujilinda.

Wananchi wa nchi hii walikwisha kulijua jambo hili zamani. Masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupangisha nyumba, na kupokea mishahara miwili au zaidi. Wengi waliyaona kuwa masharti ya kuwanyima watu mali. Lakini ndani yake mlikuwa na fundisho kubwa zaidi ya hilo: mtu hufuata mahali riziki yake inakotoka. Mwenye mshahara wa pili ana bwana wa pili, na siku mabwana hao wawili watakapotofautiana, aliye mkarimu zaidi ndiye atakayesikilizwa. Mshauri anayelipwa ada na mteja na kamisheni na muuzaji ni mtu wa mishahara miwili. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Kwa mtu huyu, kinachoponyoka ni haki ya mteja; yeye mwenyewe hapotezi kitu.

Mfano wa Marsh

Watetezi wa kamisheni hupenda kusema kwamba hatari hiyo ni ya nadharia tu, na kwamba mtaalamu mwenye heshima zake hawezi kuyumbishwa na asilimia chache. Basi tuutazame mfano kutoka katika moyo wa ubepari wenyewe.

Kampuni ya Marsh ya New York ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani katika kazi ya kuwashauri wenye mali juu ya bima. Viwanda, shule na idara za serikali ziliitegemea kuwatafutia kampuni za bima zenye masharti mazuri, na ziliilipa kwa kazi hiyo. Pamoja na malipo hayo, Marsh ilikuwa na mikataba na kampuni za bima zenyewe. Kadiri ilivyowapelekea wateja wengi zaidi, ndivyo ilivyolipwa zaidi. Mwaka 2003 mapato yake ya namna hiyo yalizidi dola za Marekani milioni 800. Hiyo haikuwa bakshishi ya pembeni; ilikuwa nguzo ya biashara.

Tarehe 14 Oktoba 2004 Eliot Spitzer, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, aliifungulia Marsh mashtaka. Alidai kwamba wateja walikuwa wakielekezwa kwa kampuni zilizolipa vizuri, na kwamba katika zabuni nyingine kampuni za bima ziliombwa kutoa bei za uongo, zilizo juu kwa makusudi, ili kampuni iliyokwisha kuchaguliwa ionekane imeshinda kwa haki. Kabla ya mwezi huo kwisha mkuu wa kampuni mama aliondoka katika kiti chake. Januari 2005 Marsh ilikubali kulipa dola milioni 850 kwa wateja wake na kuacha malipo ya aina hiyo.

Kada na mwanafunzi wazingatie mpangilio wa mambo haya. Hakuna anayefikiri kwamba maelfu ya watumishi wa Marsh waliamka siku moja wakaamua kuwa waovu. Kwanza ilikuja kamisheni, ikaonekana halali. Kisha zikaja hesabu za kila mwezi za nani analeta kamisheni kubwa. Kisha mtumishi aliyempeleka mteja mahali pazuri pasipo na kamisheni akaonekana hafanyi kazi. Mwisho zikaja bei za uongo. Mfumo ulizaa tabia, na tabia ikazaa kosa la jinai. Anayehubiri maadili kwa mtu mmoja mmoja huku akiuacha mfumo jinsi ulivyo anapalilia majani na kuacha mizizi.

Hoja ya Kwanza: "Haimgharimu Mteja"

Watetezi wanazo hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba kamisheni hulipwa na muuzaji kutoka katika faida yake, na kwa hiyo mteja hapotezi senti.

Hoja hii inasahau kwamba muuzaji hana mfuko mwingine isipokuwa ule unaojazwa na wanunuzi. Tuchukue hesabu ndogo ya mfano. Halmashauri inanunua mtambo kwa shilingi milioni 400, na kamisheni ni asilimia kumi. Shilingi milioni 40 zimekwenda kwa mshauri. Kama muuzaji aliweza kuuachia mtambo kwa milioni 360 na bado akapata faida yake, basi zile milioni 40 zimetoka katika kodi ya mama muuza samaki na katika ushuru wa mkulima wa korosho. Na hilo ndilo hasara ndogo. Hasara kubwa inakuja ikiwa mtambo haukufaa, au haukuhitajika kabisa. Mshauri wa kamisheni hana jinsi ya kuishi kwa kusema "msinunue", maana hakuna asilimia ya kitu kisichonunuliwa. Ushauri wa kutonunua, ambao mara nyingi ndio wenye thamani kubwa kuliko wote, umefutwa tangu mwanzo.

Taifa letu limelipia somo hili kwa fedha nyingi. Mtambo wa rada ulionunuliwa kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems uligharimu karibu dola za Marekani milioni 40. Benki ya Dunia ilikosoa ununuzi ule. Baadaye ikajulikana kwamba zaidi ya dola milioni 12 zililipwa na upande wa muuzaji kwa kampuni mbili zilizokuwa chini ya mtu mmoja aliyehesabiwa kuwa mshauri wao wa masoko. Desemba 2010, katika mahakama ya London, BAE ilikiri kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu juu ya malipo hayo. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na ikabidi itoe pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania, ambazo zilielekezwa katika vitabu na madawati ya shule.

Ni haki tuseme kwamba kosa lililokiriwa lilikuwa la hesabu, si la rushwa, na kwamba mtu yule alikuwa mshauri wa muuzaji, hakuwa wetu. Lakini hesabu yenyewe inatosha kuijibu hoja ya kwanza. Karibu theluthi moja ya bei ilikwenda kwa mtu wa kati. Nani alikuwa akiilipa? Ni yule yule aliyekopa ili anunue.

Hoja ya Pili: "Ametangaza"

Hoja ya pili ndiyo yenye nguvu kati ya watu wa sheria. Wanasema ubaya uko katika siri. Mshauri akimwambia mteja waziwazi kwamba muuzaji atamlipa, basi mteja ataupima ushauri kwa kujua hivyo, na mambo yamekwisha.

Siri ni ubaya kweli. Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 ya kupambana na rushwa na makosa ya kiuchumi ina kifungu kinachohusu malipo ya siri yanayotolewa kwa ajili ya ushauri, na kifungu hicho kinafaa kusomwa na kila mjumbe wa bodi ya zabuni. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 nayo inamgusa wakala anayepokea manufaa ili aelekeze mambo ya mwajiri wake. Lakini swali linabaki: baada ya siri kuondolewa, je, ubaya umeondoka?

Mwaka 2005 watafiti watatu wa Marekani, Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore, walitoa matokeo ya jaribio rahisi. Watu waliombwa kukisia thamani ya sarafu zilizojazwa katika chombo cha kioo ambacho hawakupewa nafasi ya kukikagua vizuri. Walipewa washauri waliokuwa wamekiona kwa karibu zaidi. Baadhi ya washauri walilipwa kadiri mkisiaji alivyokisia juu, hata kama hakupatia. Katika kundi moja jambo hilo lilifichwa. Katika kundi jingine lilitangazwa. Matokeo yalikuwa kinyume cha matumaini ya wanasheria. Washauri ambao maslahi yao yalitangazwa walipandisha makisio yao zaidi ya wale waliofichiwa. Wakisiaji walipunguza kidogo, lakini hawakupunguza vya kutosha. Washauri wakapata zaidi, walioshauriwa wakapata kidogo.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Mshauri aliyetangaza hujiona amekwisha kulipa deni la dhamiri: nilimwambia, akakubali, sasa shauri yake. Na mteja aliyeambiwa hajui apunguze nini. Kama angejua ushauri ule umepinda kwa kiasi gani, asingemhitaji mshauri. Kumwambia kipofu kwamba anayemshika mkono ana safari yake mwenyewe hakumwonyeshi njia.

Hapa hatuna budi kujikosoa sisi wenyewe. Mwaka 1991, kwa uamuzi uliofanyika Zanzibar, Chama kililegeza masharti ya mwaka 1967. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi kutangaza mali na maslahi yake. Zipo sababu za kihistoria za mabadiliko hayo, na si kazi ya makala haya kuzipima zote. Lakini kifikra tulihama kutoka kukataza kwenda kutangaza. Tangu hapo wengi wetu tumezoea kuamini kwamba fomu ikijazwa, mgongano wa maslahi umekwisha. Fomu hutuonyesha mgongano ulipo. Kuuondoa ni kazi nyingine, na kazi hiyo bado inatungoja.

Wala si sisi tu. Huko New York nako, mwaka 2010, marufuku iliyowekwa juu ya kampuni kubwa za ushauri wa bima ililegezwa, na mkazo ukawekwa katika kutangaza. Uingereza ilikwenda upande wa pili. Baada ya miaka mingi ya kutegemea kutangaza, kuanzia tarehe 31 Desemba 2012 iliwakataza washauri wa uwekezaji wa fedha kupokea kamisheni kutoka kwa kampuni ambazo bidhaa zao wanazipendekeza. Kwa ushauri mpya mteja anapaswa kulipa ada mwenyewe. Uholanzi ilichukua hatua ya namna hiyo mwanzoni mwa 2013. Nchi hizi hazikufanya hivyo kwa kupenda ujamaa. Ziliona kwamba kutangaza peke yake kumeshindwa.

Hoja ya Tatu: "Maskini Atakosa Ushauri"

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote, na ni wajibu wetu kuijibu bila dharau. Wanasema: tajiri anaweza kulipa ada, lakini mtu mdogo hawezi. Mkiondoa kamisheni, mshauri atabaki kwa matajiri, na maskini ataachwa peke yake.

Jambo hili lilitokea. Mwaka 2016 mapitio yaliyofanywa na serikali ya Uingereza pamoja na msimamizi wa masoko ya fedha yalikubali kwamba watu wenye akiba ndogo walikuwa na shida ya kupata ushauri wanaoweza kuulipia. Anayepinga kamisheni na kulificha jambo hili hasemi ukweli wote.

Lakini tuulize: je, alichokuwa akikipata maskini hapo awali kilikuwa ushauri? Tuchukue bwana shamba. Mkulima wa pamba hamlipi ada kwa kumtembelea shambani. Serikali ndiyo inayomlipa mshahara. Akiona shamba halihitaji dawa, husema halihitaji, na mshahara wake haupungui. Sasa tuseme kesho yake muuza dawa anaanza kumlipa kwa kila chupa anayoielekeza. Mkulima bado atatembelewa, tena pengine mara nyingi zaidi kuliko zamani. Ataambiwa apulize dawa wiki hii, na wiki ijayo apulize tena. Atamaliza msimu akiwa na deni katika duka la pembejeo, na ataamini kwamba alishauriwa bure.

Kwa hiyo hoja ya tatu inatuonyesha pengo lililopo, lakini dawa inayoandika ni ile ile inayougua mgonjwa. Mtu mdogo anapohitaji ushauri asioweza kuulipia, jibu ni kuulipia kwa pamoja: kwa kodi, kwa ushirika, kwa wataalamu wa umma. Huo ndio msingi wa kuwa na mabwana shamba, na hauna sababu ya kuishia mashambani. Vyama vya msingi vya ushirika vilivyoungana vinaweza kumwajiri mhandisi mmoja wa kuvikagulia mashine. Halmashauri jirani zinaweza kushirikiana kumlipa mtaalamu mmoja wa kompyuta ambaye haruhusiwi kupokea hata kalamu kutoka kwa muuzaji.

Kwa Nini Tunaipenda Kamisheni

Ukweli mchungu ni kwamba kamisheni haiendelei kwa hila za wauzaji peke yao. Inaendelea kwa sababu inamfaa kiongozi mvivu. Turudi kwenye mtambo wetu wa mfano wa milioni 400. Ada ya mshauri wa kweli, tuseme milioni 15, huonekana katika bajeti. Madiwani wataiuliza. Mkaguzi ataiandika. Kamisheni ya milioni 40 haionekani popote, maana imelala ndani ya bei. Basi kiongozi anasimama mbele ya kikao na kusema kwa fahari: "Ndugu wajumbe, ushauri huu tumeupata bure." Wajumbe wanapiga makofi. Wamekataa kulipa milioni 15 mchana, wamelipa 40 usiku.

Chini ya uvivu huo kuna udhaifu mkubwa zaidi, nao ni kutojitegemea katika maarifa. Chombo kisicho na mtu hata mmoja anayeweza kuusoma mkataba wa kompyuta kitauliza watu wa nje daima, na hakitakuwa na uwezo wa kujua kama kimejibiwa vizuri. Kujitegemea hakuna maana ya kutomwajiri mshauri. Maana yake ni kuwa na ujuzi wa kutosha wa kumpima. Ofisa mmoja aliyesomeshwa vizuri na kulipwa vizuri ndani ya halmashauri ni kinga kubwa kuliko fomu kumi za kutangaza maslahi.

Kazi ya Kada

Nadharia isiyofika katika kikao ni mapambo. Kada anayekaa katika bodi, katika baraza la madiwani au katika mkutano mkuu wa ushirika ana mambo manne ya kusimamia.

Kwanza, kabla ya kuupokea ushauri wowote, aulize kwa sauti na jibu liandikwe katika kumbukumbu: mshauri huyu analipwa na nani, na je, atapata kitu chochote kutoka kwa muuzaji, sasa au baadaye, kwa jina lake au la ndugu yake? Akikuta jibu ni ndiyo, ushauri ule uhesabiwe kuwa maneno ya muuzaji.

Pili, mkataba wa mshauri ueleze kwamba malipo yake ni ada peke yake, na kwamba kamisheni yoyote itakayogundulika itarudishwa kwa mteja yote na mkataba kuvunjwa. Kanuni za ununuzi za Benki ya Dunia kwa miaka mingi zimemzuia mshauri aliyetayarisha kazi asije akauza bidhaa za kazi hiyo hiyo. Anayepokea kamisheni anauza bidhaa hizo kwa mkono wa mwingine, na hastahili kutendewa tofauti.

Tatu, kila taarifa ya mshauri iwe na sehemu inayojibu swali hili: itakuwaje tusiponunua kitu? Mshauri asiyeweza kuliandikia swali hilo ukurasa mmoja hajafanya kazi yake.

Nne, na hili ndilo gumu, kada awe tayari kuitetea ada mbele ya wananchi. Aeleze kwamba fedha hiyo inanunua uaminifu, na kwamba usiponunuliwa na sisi, yuko mwingine anayesubiri kuununua. Itamlazimu asimame mbele ya watu waliochoka kuchangishwa na kuwaambia ukweli usiopendeza. Ataulizwa maswali makali, na baadhi ya waulizaji watakuwa viongozi wenzake wanaojua vizuri kwa nini wanapenda vitu vya bure. Hapo ndipo ataonyesha yeye mwenyewe anautumikia mshahara upi.